Amana ya Siku Saba

Buzebazeba, Ujiji
12 Juni 2024

Mdogo wangu Swaibu,

Assalaam aleykum. Mimi dada yako ni mzima isipokuwa magoti, na magoti yangu unayajua, yalianza kulalamika kabla hujaoa. Naamini nawe u mzima huko Mwamgongo, pamoja na wifi yangu Wema na watoto. Dagaa uliompa Pastory nimewapata. Mwambie boti yake ikifika Kibirizi asiwaache kwa mtu asiyemjua. Nimewakuta wamepungua, na aliyewapunguza sidhani kama amenawa mikono hadi leo.

Umesema niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu nasema "hatujambo" mara tatu kisha salio linaisha. Haya, naandika. Hatujambo.

Asia hajambo. Huu ni mwaka wa sita tangu mlipomtoa kwenu mkanipa mimi nisiye na mtoto, na siku hizi ndiye anayenilea. Juzi kanisahihisha Kiingereza mbele ya wageni. Ana mafua kidogo ya kiangazi, kama watoto wote.

Sasa jambo lenyewe. Lile ghala wanalojenga nyuma ya ukuta wetu limefika ghorofa ya pili, na wameleta mashine ya kusaga kokoto. Wameiweka pale palipokuwa na migomba. Inaanza saa mbili asubuhi, inanyamaza saa kumi. Vumbi lake si lile la barabarani tulilolizoea. Hili ni jeupe, jembamba, linaingia kwenye sukari iliyofunikwa. Nafua, naanika, nafua tena nilichoanika. Nimechoka, Swaibu. Hata hasira sina, maana hasira nayo inataka nguvu.

Jirani yangu Honorata ameenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara nne. Mwishowe kampuni imekubali hewa ipimwe. Kesho kutwa analetwa mtaalamu, na kipimo kitawekwa barazani kwetu kwa kuwa ndiyo nyumba ya karibu zaidi. Wakikuta vumbi limezidi, mashine itahamishwa. Wasipokuta, itabaki hapo mpaka ghala liishe, na ghala haliishi kabla ya mwakani.

Umeuliza kama Asia aje kwenu likizo hii. Aje kufanya nini? Vitabu vyake viko hapa.

Dada yako,
Ashura


Mwamgongo
21 Juni 2024

Dada Ashura,

Shikamoo. Waaleykum salaam. Idi tumekula salama. Wema anakusalimu, watoto wanakusalimu. Shule imefungwa, na walimu wawili wameaga kwa namna ambayo sidhani kama tutawaona tena. Darasa langu lina watoto mia na kumi. Usiniulize hali. Nimechoka kama wewe, ila mimi sina magoti ya kusingizia.

Barua yako imeweka "hajambo" na "mafua kidogo" pamoja. Dada, mimi ni baba yake. Sijasahau alipokuwa na mwaka mmoja na nusu kifua kikambana, tukamkimbiza mjini kwa boti, mama yake analia njia nzima. Kwa hiyo naomba unijibu moja kwa moja. Anakohoa akilala? Kifua kinalia? Umempeleka hospitali? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa kwa mtoto.

Kuhusu kipimo, nakujua wewe. Mgeni akitajwa tu unaanza kufagia tangu barabarani. Safari hii nakuomba usifagie, usimwage maji uani, usipanguse kitu. Kiache kikae wazi kione tunayoyaona.

Pastory anaondoka kesho, mashine yake ikitaka.

Mdogo wako,
Swaibu


Buzebazeba
2 Julai 2024

Mdogo wangu Swaibu,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Pastory anasema mashine ya boti ilikufa mbele ya Gombe, akakaa siku nyingi akingoja kipuri. Kwa hiyo shauri lako limefika wageni wameshaondoka. Usiwe na wasiwasi, kila kitu kimekwenda vizuri.

Mtaalamu mwenyewe ni binti, anaitwa Frida, hajafika miaka thelathini. Kichwani kofia ngumu, mwilini ile fulana inayong'aa, lakini alipofika mlangoni alivua viatu. Hapo hapo nikampenda. Alifuatana na Samson, msimamizi wa ujenzi. Yeye hakuvua. Wakasimamisha kisanduku barazani juu ya miguu mitatu, kinavuma taratibu kama friji. Frida akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mama, kitu hiki ni ghali mno, nikikiharibu sina kazi. Nakuachia siku saba. Nitunzie kama chako. Watoto wasikiguse, na kisipate maji."

Sasa niambie, mtu akikuachia amana nyumbani kwako unafanyaje? Marehemu mama alitunza cherehani ya Mmanyema mmoja miaka minne, na mwenyewe aliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa aliikuta inang'aa kuliko alivyoiacha. Mimi nikubali kuaibika kwa siku saba? Basi kila siku saa mbili asubuhi mashine ikianza, nilikifunika kisanduku kwa ile kanga mpya aliyonipa Wema, nikaifunga fundo juu isipeperuke. Saa kumi vumbi likianza kutua, nikakifunua nacho kipumue. Asubuhi na jioni nikamwaga maji uani. Frida alipokuja kukichukua hakuona hata alama ya kidole. Akanikumbatia. Kanga ndiyo iliyopata tabu, niliifua mara tatu.

Majibu yatasomwa mwezi wa nane kwenye mkutano wa mtaa. Honorata ameshaanza kuchagua kitenge cha kuvaa siku hiyo, maana anajua tumeshinda.

Maswali yako nimeyaona. Asia anakula vizuri.

Ashura


Mwamgongo
11 Julai 2024

Dada Ashura,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kukaa ufukweni mahali wanapoanika dagaa, mpaka wenye dagaa wakaniuliza kama nataka kununua. Wema naye akaniuliza nina nini. Nikamwambia kichwa.

Kuhusu kipimo sina la kusema. Umetunza amana, na mama angekusifu. Tungoje hayo majibu.

Nilikuuliza maswali matatu, ukanijibu la nne ambalo sikuliuliza.

Swaibu


Buzebazeba
6 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Yule paka wetu wa rangi ya majivu kazaa ndani ya kabati la vyombo, na Asia kakataa nisimhamishe, kwa hiyo tunakula kwa sahani mbili.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mwenyekiti wetu, Mzee Leonardi, alitukaribisha, kisha Frida akasimama na karatasi zake. Alisoma kwa sauti nzuri. Amepima siku saba usiku na mchana, amechukua wastani, na hewa ya mtaa wetu iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Mashine itabaki.

Kisha Honorata akainuka, na huyo ukimwona anakaza kitenge ujue mambo yameharibika. Akaanza kwa salamu ya Kiha. "Mwakeye, wakubwa kwa wadogo! Mimi nimeishia darasa la saba, vipimo sivijui. Lakini sahani yangu naijua! Nikiiosha saa tatu, saa nne naandika jina langu juu yake kwa kidole! Huyu binti wamemlisha. Sema, mwanangu, wamekupa nini?" Mkutano mzima ukapiga kelele. Samson akawa anatazama simu yake.

Frida hakukasirika. Alileta kisanduku mbele, akatueleza kinavyofanya kazi. Kina tundu juu kabisa. Kinavuta hewa kwa tundu hilo kama mtu anavyovuta pumzi, kisha kinahesabu vumbi lililomo. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nililiona hilo tundu vizuri. Ni pale pale nilipokuwa nikifunga fundo.

Nilibaki nimekaa. Walimzomea mpaka anaingia garini.

Asia alilala hospitali siku mbili wiki iliyopita. Ameshatoka. Nakuambia kwa sababu Pastory alituona mlangoni, asije akakuambia yeye.

Ashura


Mwamgongo
14 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo.

Siku mbili hospitali, na nasikia baada ya paka kuzaa.

Ningepanda boti leo, lakini shule imefunguliwa na nimebaki na mwalimu mmoja, naye ni mjamzito. Wema amefungasha mara mbili aje kumchukua mtoto, na mara mbili nimemzuia. Nimemwambia tumpe dada nafasi aseme mwenyewe. Sijui ataendelea kunisikiliza mpaka lini.

Kuhusu kipimo, nimechukua hatua. Nimewaandikia wakuu wa Frida. Nimesema kazi yake ina walakini, ahojiwe, na kipimo kirudiwe na mtu mwingine. Nimeandika kama mzazi wa mtoto mgonjwa. Jina lako sikulitaja mahali popote, na halitatajwa.

Niandikie ukweli wa kifua chake. Tafadhali.

Swaibu


Buzebazeba
1 Septemba 2024

Swaibu,

Marahaba. Leo sina habari za paka.

Jumatano alikuja Frida. Hakuwa na kofia wala ile fulana. Amesimamishwa kazi. Alivua viatu kama mara ya kwanza, akakaa chini kwenye mkeka, akatoa barua yako mkobani. Niliujua mwandiko kabla ya kusoma neno, maana ni mimi niliyekushika mkono ukiandika alifu ya kwanza.

Nilidhani amekuja kunilaumu kwa ajili yako. Hapana. Alitandaza karatasi yenye mstari uliopanda na kushuka, akasema, "Mama, nilipeleka wastani tu, sikuangalia saa moja moja. Hilo ni kosa langu. Sasa ona. Kila siku saa mbili mstari unalala chini mpaka saa kumi, halafu unaamka. Mashine inasaga mchana. Mbona hapa mchana hakuna vumbi kabisa?"

Nikainuka, nikaenda kabatini, nikamletea kanga.

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akalia, nami nikalia, na Asia akatoka chumbani kuuliza nani amekufa. Nilimwambia Frida nitakwenda naye kwa wakuu wake. Akasema wakuu hawatoshi, mtaa mzima umemwita mla rushwa. Yeye akisema, wataona anamsingizia mzee.

Basi jana nilisimama mkutanoni. Miaka sitini na moja nimeishi hapa, sijawahi kusimama mbele ya watu kusema mimi ndiye niliyekosea. Nilieleza yote, kuanzia saa mbili hadi saa kumi, na kanga nikaionyesha. Walicheka, Swaibu. Honorata alisema, "Kumbe wakili wa kampuni tunakaa naye ukuta kwa ukuta!" Wakacheka zaidi. Lakini yeye ndiye aliyeinuka wa kwanza kwenda kumshika Frida mkono na kumwomba radhi. Mzee Leonardi ameandika kipimo kirudiwe, na Frida arudishwe akifanye yeye.

Nikishavuliwa nguo sokoni, sina la kuficha nyumbani. Asia anakohoa tangu mwezi wa nne. Kifua kinalia. Nimempeleka hospitali mara nne, si mara moja. Amepewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na daktari alishaniambia tangu Mei nimtoe kwenye vumbi. Nilimjibu sawa. Nilirudi nyumbani nikafunga madirisha, nikatundika mashuka yaliyolowa mlangoni, nikajiambia inatosha.

Unajua kwa nini. Ningekuambia, mngemchukua. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikuuficha na bado sikuzaa, na huyu mmoja mliyenipa niliona bora akohoe kwangu kuliko apone kwenu. Nimeandika maneno haya na nimeyasoma. Yananitia aibu kuliko kanga.

Mwambie Wema aje.

Ashura


Mwamgongo
7 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Wema ameondoka leo na boti ya Pastory, na barua hii anayo yeye. Uhamisho wa shule wa Asia nilishauandaa tangu Julai. Nilikuwa nimeuweka chini ya godoro kama kijana mwenye barua ya uchumba.

Kuna jambo lazima nikuambie. Nilijua. Barua yako ya Julai, yenye cherehani ya Mmanyema, niliisoma nikajua palepale kwamba kipimo kimekufa. Ndiyo maana nilienda kukaa ufukweni. Nilitaka kukuandikia, "Dada, umekosea," na mkono ukakataa. Wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka. Uliacha kuolewa mara ya pili kwa sababu yangu. Sikuwahi kukusahihisha maishani, sikujua neno hilo linaanzaje.

Ningeandika siku ile, ungemwita Frida, angerudia kipimo mwezi ule ule wa saba. Badala yake nikangoja, na majibu yalipotoka nikamtwisha mtoto wa watu kosa letu. Niliandika barua ile nikijua hana hatia. Mimi mwalimu, ninayewachapa watoto kwa kusingiziana. Asia akalala hospitali kati ya ukimya wako na wangu, na wangu ulikuwa wa mtu mwenye akili timamu aliyesoma.

Nimewaandikia wakuu wa Frida kuifuta ile ya kwanza. Nimemwandikia na yeye. Sijui kama atanijibu, na asiponijibu nitamwelewa.

Nisamehe.

Swaibu


Buzebazeba
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Swaibu,

Marahaba. Nimekaa wiki sita bila kukujibu. Wiki nne za mwanzo nilikuwa nimekukasirikia, na mbili za mwisho nilikuwa sina karatasi. Hasira niliipata wapi sijui, nilikuwa nimekuambia sina nguvu zake. Ulijua ukaniacha nisimame peke yangu mbele ya watu na kanga mkononi! Lakini nikihesabu vizuri, kila mmoja wetu alimficha mwenzake kwa mapenzi, na mapenzi hayo yamemwumiza mtoto. Nimekusamehe. Nawe nisamehe, tusirudie tena maneno haya.

Habari za hapa. Kipimo kilirudiwa mwezi uliopita, kisanduku kikakaa wazi siku saba. Niliumia kukiona kinapata vumbi, mara mbili nilishika kitambaa nikakirudisha. Majibu yakatoka mara tatu ya kiwango. Samson alisema wataanza kumwaga maji, wakamwaga siku mbili, gari la maji likaharibika. Honorata akakalisha wanawake kumi na wawili mbele ya geti na mihogo yao ya kumenya, wakamenya kuanzia asubuhi, hakuna lori lililopita. Jumatano ya kwanza ya mwezi huu mashine ikahamishwa. Imekwenda nje ya mji kabisa, penye mawe yenyewe.

Frida amepima tena siku tatu baada ya hapo. Safari hii mstari umelala mchana na hakuna aliyekifunika kisanduku. Amerudi kazini, na barua yako ameipata. Anasema atakujibu akipata moyo.

Wema ameniandikia kwamba Asia hakohoi tena, na ile dawa ya kuvuta iko kabatini haijaguswa tangu afike. Nilifurahi, Wallahi nilifurahi. Anasema pia kwamba mtoto amejifunza kuogelea, na wiki ya kwanza aliniulizia, siku hizi haulizi sana. Mtoto ndivyo anavyotakiwa awe.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya majibu ya mwisho ya Frida. Ina muhuri. Inasema hewa ya nyumba hii haina tena madhara kwa mtu yeyote, akiwemo mtoto mwenye pumu. Neno hilo la mtoto sikumwomba aliandike, aliliandika mwenyewe. Sikuletei kwa kuomba kitu. Wewe ni mwalimu, nimeona utapenda kusoma.

Leo nimefungua madirisha yote, yale niliyoyafunga tangu Mei. Upepo wa ziwani unaingia chumba hadi chumba. Hewa ni safi, Swaibu, na ninaivuta peke yangu.

Dada yako,
Ashura